Riverside: Hazina Iko Kati ya Nyumba na Nyumba

Mgeni anayeshuka kwenye treni mjini Riverside, Illinois, aghalabu huulizia nyumba zilizosanifiwa na Frank Lloyd Wright. Zipo, na ya familia ya Coonley inastahili kabisa kutazamwa. Lakini sisi wa uhifadhi humsihi kwanza aangalie ardhi iliyoachwa wazi. Urithi mkubwa wa mji huu ni huo.

Mwaka 1868 kampuni moja ilipata takriban ekari 1,600 kando ya Mto Des Plaines, magharibi mwa Chicago, mahali ambapo reli ilikuwa imeshapita. Kazi ya ramani wakapewa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliobuni Central Park ya New York. Enzi hizo viwanja vya Marekani vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na Chicago iko hivyo mpaka leo. Olmsted hakukubali. Barabara zake zinapinda pamoja na mto, nazo zimeshushwa kidogo chini ya usawa wa nyasi, ili aliyeketi barazani aone majani kabla ya kuona njia. Zinapokutana, kipande cha pembetatu kinachobaki hakikuuzwa. Kilipandwa miti kikawa bustani ya umma. Nyumba zilitakiwa zikae futi 30 kutoka barabarani. Kingo za mto zikawa za wote, tajiri na maskini, na kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote.

Moto mkubwa wa Chicago wa 1871 na mgogoro wa fedha wa 1873 viliiangusha kampuni, ramani ikabaki. Mwaka 1875 Riverside ikapata serikali yake.

Tangu 1970 mji unatambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Wengi hudhani heshima hiyo inatosha kuulinda. Haitoshi: peke yake haimzuii mwenye nyumba kubomoa kwa fedha zake mwenyewe. Kinga halisi hutokana na kanuni za mji na macho ya wakazi. Uzio mrefu mbele ya nyumba, au eneo la kuegesha magari pale palipokuwa na mwaloni, huharibu mandhari ya mtaa mzima. Vikao vya halmashauri ya mji ni vya wazi kwa mujibu wa sheria. Maombi ya aina hiyo yakijadiliwa, nendeni mtoe maoni kabla kibali hakijatolewa.