Ukisikia "hawa wanajua duka tu", uliza walinyimwa nini

Anayetaka kupinga chuki dhidi ya jamii fulani, kama Wahindi wanaosemwa kwamba wanajua duka tu, hukimbilia kusema "si wote". Naliona jibu dhaifu: linauacha uzushi umesimama, linatoa wachache tu humo. Wengine hukana hata kinachoonekana, na mtu anayenunua misumari kwa Mhindi kila wiki atawacheka. Maduka yapo. Suala ni yalitoka wapi.

Mimi huanza na sheria. Tafuta kundi lilikatazwa nini, mwaka gani, na riziki ipi iliachwa wazi.

Kuanzia 1906 serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba mashamba ya Nyanda za Juu za Kenya ni ya Wazungu, na mwaka 1923 Waraka wa Devonshire, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, ukakazia. Mhindi asiyeuziwa shamba akafungua duka, kisha akasemwa kwamba jembe halimfai.

Ulaya walilijua hilo karne nyingi kabla reli haijafika Nairobi. Sehemu nyingi Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, huku Kanisa likiwakataza Wakristo kukopesha kwa riba. Baadhi ya Wayahudi wakakopesha. Wafalme wakawakamua kodi. Mdaiwa akamchukia Myahudi, mfalme akasalimika. Uingereza iliwafukuza wote mwaka 1290. Uzushi kwamba "Wayahudi wanatawala pesa za dunia" umelishwa na historia hiyo, na hapa Nairobi husambazwa na watu ambao hata sinagogi la pale University Way hawajaligundua.

Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye wafanyabiashara wengi Wasomali, ipime kwa tarehe. Husemwa imejengwa kwa pesa za maharamia wa Kisomali. Lakini Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo wakimbizi Wasomali waligeuza vyumba vyake kuwa vibanda vya nguo, ilikuwa soko tayari mwanzoni mwa miaka ya 1990. Utekaji wa meli ulipamba moto kati ya 2008 na 2011. Hilo halisafishi kila shilingi ya Eastleigh. Linaonyesha tu kwamba biashara ilitangulia fidia za meli.

Wanubi wa Kibra, mtaa mwingine wa Nairobi, ndio huwasumbua zaidi wanaotumia njia hii, maana wao hawakukatazwa waziwazi. Wazee wao, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliwekwa pale na wakoloni bila hati, na vizazi vyao vikaitwa maskwota kwa kukosa karatasi ileile. Hati ya ekari 288 ilitoka mwaka 2017. Kwa hiyo usitafute marufuku peke yake; tafuta pia karatasi ambayo haikuandikwa.