Mshipa upi?

Jumamosi asubuhi, msituni Karura, jamaa mmoja alisimama ghafla mbele yangu akajishika nyuma ya goti. "Mshipa umenivuta," akalalama. Rafiki yake hakupunguza hata mwendo: "Kazana, mbio zinasafisha mishipa!"

Wa kwanza alikuwa na ukano uliovutika, yaani ule uzi unaoushika msuli kwenye mfupa. Wa pili alikuwa akisema habari za damu. Wakaelewana kabisa.

Mshipa wa damu ni njia ya damu mwilini: ateri huitoa moyoni, vena huirudisha, na kapilari ziko katikati. Basi. Na ile ya "damu safi" na "damu chafu" tuliyokaririshwa shuleni tuiache. Ateri inayokwenda mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na bado ni ateri. Huangaliwa inakoelekea damu.

Tatizo ni kwamba neno lenyewe hulitazama umbo, si kazi. Chochote chembamba kinachojinyoosha chini ya ngozi ni mshipa. Kuna wa damu, kuna wa fahamu ambao vitabu huuita neva, na mzee wa Pwani akikwambia ana mshipa usimkimbize kwa daktari wa moyo, huenda ni ngiri. Wanasiasa wetu nao hawana mshipa wa aibu, ambao sijauona katika kitabu chochote cha tiba. Lakini si sisi tu. Wagiriki wa kale waliita koromeo la pumzi na mshipa wa damu kwa jina moja, arteria, kwa kuwa mishipa ya maiti waliikuta tupu wakadhani hupitisha hewa.

Hayo navumilia. Lisilonipita kooni ni "kusafisha", maana linaufanya mshipa kuwa bomba la ploti lililojaa kutu. Bomba halina habari na kinachopita ndani yake. Mshipa unayo. Ukuta wake kwa ndani umetandikwa seli za safu moja tu, endothelia. Ukipanda kilima damu huenda mbio, msuguano wake huzigutusha seli hizo, nazo hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza misuli ya ukuta hadi mshipa ukatanuka.

Kwamba utando huo wa ndani ndio unaoamrisha kulegea, aliligundua mwanasayansi wa Marekani Robert Furchgott kwa vipande vya aota, ateri kuu, ya sungura, akalichapisha mwaka 1980. Asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, ililegeza vipande ambavyo utando wake ulikuwa mzima. Ulipokwanguliwa, havikulegea tena. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Yaani mshipa uliosuguliwa ndani ndio uliokuwa umeharibika.

Kwa hivyo, kaka yangu wa Karura, mbio haziisafishi mishipa, zinaizoesha kutanuka. Na mwenzako huko nyuma anaumwa na ukano. Mngoje.