8,051 si namba tasa

"Mwalimu, hii ni tasa. Nimeijaribu." Kwenye daftari kulikuwa na 8,051. Tasa ni namba yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Nikamuuliza kijana ameijaribu kwa ngapi. "Kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zote zinabakiza."

Jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi wangu wa tuisheni, kwa wazazi wao, na juzi kwa mwalimu mwenzangu. Linaniudhi maana kazi inaanzwa vizuri, halafu inaachwa njiani. Namba kugoma kugawanyika kwa tasa sita za mwanzo hakuthibitishi chochote. Unapanda tasa moja baada ya nyingine hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe, yaani ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta namba hiyo. Cha 8,051 ni 89 na ushei, na hadi hapo kuna tasa 24. Ya 23 ni 83. Zidisha 83 kwa 97: unapata 8,051. Kijana alijaribu sita akatangaza matokeo.

Na wale wanaosema ufike nusu ya namba, yaani 4,025, wanachosha watoto bure. Vigawo huja wawili wawili: kimoja kikizidi 89, mwenzake yuko chini ya 89, na ungekuwa umeshamkuta.

Kosa hili la kuamini mapema liliwahi kumpata hata Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa, akaamini kwamba inayofuata kwenye mfuatano ule, 4,294,967,297 (2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1), nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Sasa, 641 ni namba tasa ya 116. Anayeishia 13 ataifikia lini? Ila Euler pia alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mgawanyo wa tano tu umeipata. Njia hii naipenda mno, na kila darasa langu hulifanyisha kwa mkono, bila kikokotoo.

Mengine kwa ufupi. Kujumlisha tarakimu ili kujua kama namba inagawanyika ni kwa 3 na 9, si kwa 7: tarakimu za 8,051 zinaleta 14, lakini ukiigawanya kwa 7 inabaki 1. Witiri, yaani namba isiyogawanyika kwa 2, si jina lingine la tasa. Angalia 9, angalia 15. Moja si tasa, ina kigawo kimoja tu. Wala tasa hazina mwisho, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalithibitisha hilo; ile kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320, ni kubwa kuliko zote zinazojulikana, si ya mwisho.

Andika nyuma ya daftari tasa zote 25 kuanzia 2 hadi 97. Zinatosha kupima namba yoyote iliyo chini ya 10,201.