Mbona tumbo bado lipo? Tunayoambiwa kuhusu mwili wa mzazi na ukweli wenyewe

Siku ya tisa baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja jirani kuniona, mama mzuri tu, kaja na kuku mkononi, akamchukua mtoto akamwombea dua, halafu akaniangalia tumboni akauliza "mbona kama kuna mwingine humo?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, ila usiku nilisimama mbele ya kioo nikapandisha dera nikalia kweli kweli. Nilikuwa naamini mtoto akitoka na tumbo linaondoka naye. Sikumbuki hata nani alinifundisha hivyo. Sa hivi nina watoto wawili, nimeuguza uzazi wa mdogo wangu na wa mawifi zangu, nimewauliza manesi maswali mpaka wakanichoka, na naona tuyaseme haya mambo wazi kwa sababu kuna mtu saa hii yuko chumbani na kichanga chake anajiona ameharibika.

Tuanze na hilo tumbo. Watu wanaamini likichelewa kurudi ni uvivu, au hukufungwa vizuri. Ukweli ni kwamba mfuko wa uzazi ukishatoa mtoto na kondo la nyuma bado una uzito wa karibu kilo 1 na juu unafika usawa wa kitovu, ndio maana nesi anakubonyeza pale kuangalia kama umekaza. Unashuka taratibu, kama upana wa kidole kimoja kwa siku, ikifika wiki ya 2 hivi hausikiki tena ukibonyeza kwa juu, na kurudi kwenye udogo wake wa zamani, gramu kama 60 au 70, inachukua wiki 6. Kwa hiyo mzazi wa siku tatu akionekana kama ana mimba ya miezi mitano, yuko sawa kabisa. Na hapo hujahesabu ngozi iliyovutika miezi yote hiyo, wala misuli ya mbele ya tumbo ambayo iliachana katikati kumpisha mtoto. Kwa wengi ile misuli inakaribiana yenyewe kwenye wiki na miezi ya mwanzo, kwa wengine inabaki na uwazi, ukilala chali ukainua kichwa unaona kitu kimetuna katikati ya tumbo kama mgongo wa samaki. Mtu wa hivyo hata akikonda tumbo litaendelea kutokeza, na kumwambia "fanya sitapu mia kila asubuhi" ni kumwongezea tatizo, anatakiwa afundishwe mazoezi ya polepole na mtu wa fiziotherapia.

Kufungwa tumbo sasa, na hapa najua nagusa shangazi zangu. Wangu alinilaza chali, akakunja kanga upana wa shibiri, akaipitisha chini ya mgongo, akaweka goti lake pembeni ya nyonga yangu akavuta mpaka nikawa naongea neno moja moja. Alinifunga kwa upendo, alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuja kunifunga kabla hajaenda kwenye biashara zake, siwezi kulisahau hilo. Lakini kanga haiyeyushi mafuta, na wala haiusukumi mfuko wa uzazi urudi mahali pake. Kinachoubana mfuko ni homoni inaitwa oksitosini, na mwili unaitoa mtoto akinyonya, yaani yale maumivu ya chango unayosikia kichanga akishika tu titi, ndio kazi yenyewe inafanyika. Kwa anayezaa mara ya pili au ya tatu yanauma zaidi, usiogope. Kufungwa kwa kiasi kuna raha yake, unajisikia umeshikiliwa, na kwa aliyepasuliwa inamsaidia akikohoa asihisi mshono unaachia. Ila ukikazwa sana nguvu yote inasukumwa chini kwenye misuli ya nyonga ambayo imetoka kuchoka, na mtu aliyekuwa anavuja mkojo kidogo akipiga chafya anaweza kuanza kuvuja zaidi. Kipimo nilichopewa na nesi ni rahisi: uvute pumzi mpaka mwisho, ule, ukae, bila kuumia. Ukishindwa kimoja, legeza. Na hii mikanda ya dukani ni habari ileile, pumzi ikikatika vua.

Maji ya moto nayo hivyohivyo. Ya uvuguvugu yanapumzisha mwili, yanayochemka yanababua ngozi, na mshono wa upasuaji haukandwi hata kama bibi amesisitiza.

Halafu kuna simu na picha tunazotazama humo. Tarehe 23 Julai 2013 Kate Middleton, mke wa mwanamfalme William wa Uingereza, alitoka hospitali London na mtoto wake wa kwanza, kavaa gauni la bluu la madoadoa na tumbo lake linaonekana wazi chini ya mkanda wa kiuno, dunia ikashangaa kana kwamba haijawahi kuona mzazi, kuna jarida la Uingereza likaweka ukurasa wa mbele habari za jinsi atakavyopunguza mwili, mtoto hana hata siku mbili! Wasomaji wakalalamika mpaka jarida likaomba radhi. Mwaka 2018 alivyojifungua wa tatu akatoka saa saba hivi baadaye na viatu virefu, nywele zimetengenezwa, na naamini ile picha ya pili ndio tuliyobaki nayo kichwani, ile ya kwanza tumeisahau. Na mwanamuziki Beyoncé mwenyewe amesema wazi kwamba baada ya mtoto wa kwanza alijibana ili apungue ndani ya miezi mitatu kwa sababu aliamini maneno ya watu, na siku ya kujifungua mapacha 2017 alikuwa na kilo kama 99, mwili umevimba, akapasuliwa kwa dharura. Huyo ana mpishi na mwalimu wa mazoezi. Wewe unachemsha maji ya kuoga mwenyewe huku mtoto analia, unajilinganisha na nini?

Ila tusiwasingizie Wazungu na Instagram peke yao, sisi huku tuna yetu na hatuyasemi. Huku mzazi anatakiwa anone. Uchagani anapikiwa mtori na supu mpaka anenepe, Pwani anakaa ndani arobaini, uji wa pilipili manga, udi, na siku akitoka nje watu wanamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akitoka amejaa na ametakata wanasema mume ana mkono mzuri. Akitoka mwembamba, mama mkwe mchoyo. Yaani mwili wake unakuwa ushahidi wa kesi za watu wengine! Na mtu huyohuyo akifika kazini anaambiwa umenenepa sana, sheria ya Tanzania imempa siku 84 za likizo, au 100 kama ni mapacha, sasa siku ya 85 sketi ya ofisini haifungi anajiona amefeli. Mwili haujui siku 84. Siku ya kujifungua unatoa kilo 5 au 6 hivi, mtoto na kondo na maji, wiki za mwanzo unatoa kilo nyingine chache za maji kwa mkojo na jasho la usiku, zinazobaki zinaondoka polepole kwa miezi sita mpaka mwaka, na kwa wengine zaidi. Anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada, karibu kalori 500 kwa siku, sio kujinyima. Zile chai za kupunguza tumbo nyingi ni za kuharisha tu, kinachotoka ni maji, mafuta yapo palepale, na wewe maji unayahitaji kutengeneza maziwa.

Sasa niseme la mdogo wangu, maana ndilo lililonifanya niandike. Wiki ya tatu ya uzazi wake nyumba ilikuwa inajaa wageni na kila anayeingia anasema "umetakata! uzazi umekupenda!" Na kweli alikuwa amekuwa mweupe, tukampiga picha tukaweka kwenye stetasi. Mwenyewe alikuwa anasema akipanda ngazi tatu za barazani moyo unamwenda mbio na masikio yanavuma, tukamwambia ni usingizi, lala mtoto akilala. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki nesi alimwangalia mara moja tu, akaacha alichokuwa anaandika, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya nazi. Alipopimwa wingi wa damu ilikuwa 6 tu. Alilazwa siku hiyohiyo akaongezewa. Ule weupe tuliokuwa tunausifu ulikuwa upungufu wa damu, na tulikuwa watu zaidi ya kumi tunamwangalia kila siku, tunamwangalia tumbo, mashavu, rangi, hakuna hata mmoja aliyemwangalia kope. Vidonge vya kuongeza damu aliviacha siku aliyojifungua kwa sababu aliamini ni vya mimba tu. Sivyo jamani, kwa kawaida unaendelea navyo wiki kadhaa baada ya kujifungua, uliza kabla hujaacha.

Kunenepa nako kunadanganya. Miguu kuvimba siku za mwanzo ni kawaida, hata inaweza kuzidi kuliko ulivyokuwa mjamzito, hasa kama uliwekewa dripu, na inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Lakini uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kinauma hakiachi, macho yanaona maluweluwe, huyo hajanona, hiyo inaweza kuwa presha ya kifafa cha mimba, na kinaweza kumpata mtu hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutoka. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, inaweza kuwa damu imeganda. Mcheza tenisi Serena Williams mwaka 2017, siku moja baada ya kupasuliwa, alihisi pumzi haitoshi na kwa kuwa alishawahi kuganda damu akawaambia wauguzi mwenyewe anachohisi, wakapima wakakuta damu imeganda kwenye mapafu. Na damu kuloanisha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, au uchafu unaonuka, hapo usisubiri asubuhi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2022 linasema mzazi aangaliwe saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na 14, na tena wiki ya 6. Aangaliwe yeye, mama. Wengi tunampeleka mtoto chanjo tunarudi nyumbani hata presha hatujapima.

Mengine haraka haraka. Nywele kunyonyoka mwezi wa tatu au wa nne sio jicho la mtu na sio maziwa, ni zile ambazo ujauzito ulizizuia zisidondoke, sasa zinatoka kwa pamoja, na mtoto akikaribia mwaka kwa wengi zimesharudi. Michirizi hakuna mafuta ya kuifuta, inafifia tu, na kuipata au kutoipata ni mambo ya ukoo zaidi. Ule mstari mweusi wa tumboni utapotea wenyewe. Matiti, hapa naomba msikilize, yanabadilika kwa sababu ya mimba yenyewe, unyonyeshe usinyonyeshe, kwa hiyo kumwachisha mtoto wa miezi miwili ili yasilale ni kumnyima bure na hutaokoa kitu.

Shangazi yangu bado anafunga wazazi wa ukoo mzima, na kanga zake bado zinavutwa ila goti ameacha. Mwezi uliopita tumeenda kumwona mke wa binamu yangu, siku ya nne, shangazi ameingia, hajamshika mtoto, hajaangalia tumbo, amemsogeza mzazi dirishani kwenye mwanga, akamwambia "tazama juu mwanangu," akalivuta kope.