BPC-157, TB-500 na GHK-Cu: ipi inaponya jeraha?

Zinatofautianaje?
Zote tatu ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, zilezile zinazounda protini. BPC-157 ina amino asidi 15, na asili yake ni protini ya majimaji ya tumboni. TB-500 ni kipande cha amino asidi 7 tu kutoka timosini beta-4, protini ya mwilini yenye 43. Wauzaji huchukua sifa za timosini nzima wakakibandikia kipande hicho. GHK-Cu ni amino asidi 3 zilizoshikana na shaba, na hutumika zaidi kwenye krimu za ngozi.

Ipi inaponya zaidi?
Kwa binadamu, bado hakuna iliyothibitishwa. Sifa za BPC-157 zimetoka hasa kwa panya waliokatwa kano maabara, zikaunga upesi. Sasa mtu aliyeumwa kisigino miezi minane, kano yake imechakaa na nyuzi zimevurugika. Hilo ni tatizo lingine kabisa.

Nimeuziwa kichupa cha unga, miligramu 5. Kuna hatari gani?
Soma lebo. Ikiandikwa "kwa utafiti tu", ujue haikutengenezwa kwa ajili ya kudungwa mtu. Hata bakteria walioingia humo wakifa, sumu ya magamba yao hubaki kwenye unga, na ndiyo inayoleta homa na kutetemeka baada ya sindano.

Hesabu nayo huponza wengi. Unga huo ukichanganywa na mililita 2 za maji, mstari wa 10 kwenye bomba la insulini la yuniti 100 unabeba mikrogramu 250. Ukitia mililita 1, mstari uleule unabeba 500. Na kipimo kilichoidhinishwa hakipo.

Tena, BPC-157 na timosini huchochea mishipa mipya ya damu, na uvimbe wa saratani hujilisha kwa mishipa kama hiyo. Haijathibitishwa kwamba zinaleta saratani, lakini aliyewahi kuugua saratani asiziguse, tafadhali.

Na mwanariadha?
WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, imepiga marufuku TB-500, na BPC-157 tangu 2022, hata nje ya mashindano.

Kisigino changu nikitibu vipi basi?
Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nyayo za mbele. Panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ukizoea, vaa begi lenye uzito. Maumivu kiasi yanavumilika. Yakikufanya ushindwe kutembea, punguza. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, wakati kano hujijenga taratibu mno.

Kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, usishushe kisigino.

Ukisikia mlio wa ghafla kama umepigwa teke nyuma ya mguu, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.