Baiskeli ufukweni Paje na Jambiani: maswali ya presha, magoti na maji kupwa

Kusini mashariki mwa Unguja kuna barabara ambayo hakuna greda lililoichonga. Maji yakishakupwa, kutoka Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani hubaki mchanga mweupe, tambarare, uliobana kiasi cha kubeba baiskeli ya gia yenye tairi pana. Wanaotaka kuanza kupita hapo wengi ni watu wazima walioambiwa na daktari "fanya mazoezi", wakatoka mlangoni bila kujua mazoezi gani. Haya ndiyo wanayouliza.

Kwenda pole pole huku natazama bahari ni mazoezi kweli? Nilidhani mpaka nguo ziloe jasho.

Ni mazoezi. Kipimo chepesi ni mdomo wako mwenyewe: ukiwa juu ya baiskeli uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi zikatike. Hapo moyo unafanya kazi ya wastani, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya namna hiyo kwa wiki. Paje hadi Jambiani ni kama kilomita tano au sita. Kwa mwendo wa taratibu, kwenda na kurudi ni saa moja hivi. Ukienda mara tatu kwa wiki umeshavuka 150.

Kama unaweza kuimba qasida nzima bila kuhema, ongeza mwendo kidogo.

Nina presha na nakunywa dawa. Je, nitaanguka njiani?

Presha iliyodhibitiwa haikuzuii, na kuendesha mara kwa mara husaidia kuishusha. Ila pima kabla ya kuanza mpango huu. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, baiskeli isubiri, nenda kituo cha afya. Wanaotumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, wasihesabu mapigo ili kujua wamechoka kiasi gani, kwa sababu dawa inayazuia kupanda. Watumie kile kipimo cha kuzungumza. Wanaotumia vidonge vya kukojoza hupoteza maji haraka kwenye joto, kwa hiyo chupa ya maji kwao si pambo.

Usisimame ghafla ukishafika. Zungusha pedali taratibu dakika tano za mwisho, maana kusimama papo hapo ndiko kunakowapa wengi kizunguzungu. Na maumivu ya kifua, au pumzi kukata isivyo kawaida, ni dalili ya kushuka na kutafuta gari, hata kama umebakiza hatua mia kufika nyumbani.

Mama yangu ana miaka 62 na magoti yanamsumbua. Nimpandishe?

Mpandishe, kwa ridhaa yake. Kwenye baiskeli uzito wa mwili hubebwa na kiti, goti linabaki na kazi ya kuzunguka tu, ndiyo maana wengi wasioweza kutembea mbali huweza kuendesha. Kinachoumiza magoti mara nyingi ni kiti kilichoshushwa mno, na baiskeli za kukodi karibu zote hukabidhiwa hivyo. Akae, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Akirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapofaa. Atumie gia nyepesi. Mchanga ukilegea na tairi ikaanza kuzama, mama ashuke asukume. Kupigana na mchanga laini kwa gia nzito ni kulilipisha goti deni lisilo lake.

Jambo moja wasilolisema wauzaji wa baiskeli: kuendesha hakuimarishi mifupa kama kutembea, kwa sababu mifupa haibebi mwili. Kwa mwanamke wa umri wake, siku nyingine atembee.

Niende saa ngapi?

Muulize mwezi kwanza, saa baadaye. Bahari hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukauka sana karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Ndizo saa ambazo kinamama wako mbali huko kwenye vigingi na kamba za mwani, na mchanga ni mpana kuliko siku zote. Kwa tairi ni raha, kwa mwili ni mtihani. Jua liko juu, mchanga mweupe unalirudisha usoni, mti hakuna. Upepo nao hudanganya: jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hupotezi maji.

Kwa mtu wa presha, au umri uliosogea, mimi huchagua siku mbili tatu kabla ya bamvua: mwezi 11 au 12, na mwezi 26 au 27 kwa kalenda ya Kiislamu. Siku hizo maji hufika mwisho wa kupwa karibu saa mbili asubuhi. Toka saa moja, saa tatu uwe umesharudi kivulini. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, bahari hukupwa alasiri, lakini maji hayaendi mbali, na ukanda wa mchanga mgumu huwa mwembamba. Dakika zenyewe mvuvi yeyote wa hapo atakurekebishia.

Halafu tazama upepo. Wakati wa kusi, anza kwa kwenda Jambiani, upepo ukiwa usoni, ili ukusukume kurudi umeshachoka. Wakati wa kaskazi geuza: anza kwa kwenda Bwejuu. Wanaofanya kinyume hufurahi nusu ya kwanza, nusu ya pili wanatafuta daladala ya kuwabebea baiskeli.

Maji unywe kidogo kidogo. Dafu ni zuri, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi. Ukiona mwenzako anaumwa kichwa, anatapika au anaongea mambo yasiyoeleweka, mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee, na muite msaada. Huyo si wa kupumzishwa tu kisha mkaendelea.

Nina kisukari. Nile kabla?

Pima. Kama unatumia insulini au kidonge cha kushusha sukari kama glibenklamaidi, na sukari iko chini ya 5 (mmol/L), kula kitu cha wanga kwanza. Insulini ya asubuhi hiyo usiichome pajani, kwa sababu msuli unaofanya kazi huinyonya haraka. Mfukoni weka sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyofungwa kwenye karatasi, au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, shuka, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Na uvae viatu vilivyofunika vidole. Kandambili kwenye pedali iliyolowa na mguu wenye ganzi ni kidonda kinachosubiri siku yake.

Ni kweli baiskeli huondoa nguvu za kiume?

Kwa mwendo huu, ondoa shaka. Kiti kibaya hubana mishipa na kuleta ganzi, na ganzi ni ujumbe wa kusawazisha kiti au kusimama juu ya pedali kila baada ya dakika chache. Ikiendelea hata baada ya hapo, mwone daktari. Presha na kisukari visivyotibiwa ndivyo vinavyoharibu jambo hilo kwa wanaume wengi zaidi, lakini vijiweni hulaumiwa baiskeli.

Upande wa mashamba je?

Kutoka Paje kuelekea Kitogani na Jozani ni lami, na magari hukimbia. Shika kushoto, vaa kofia ngumu na nguo inayoonekana. Karibu na msitu wa Jozani kuna matuta yaliyowekwa ili kuwanusuru kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na mwendesha baiskeli naye ananufaika nayo. Njia za ndani zina mawe makali ya uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Ukikatwa na jiwe, osha kwa maji safi na sabuni muda mrefu, ondoa chembe zote, kisha uulize kituoni kuhusu sindano ya pepopunda. Mikwaruzo ya mawe haya hupata usaha upesi.

Baiskeli ikishapita chumvini inahitaji nini?

Maji ya kisima yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kitambaa kikavu, na mafuta kidogo kwenye cheni. Usiyadondoshee kwenye rimu wala diski. Chumvi huanza na waya za breki. Zikikwaruza au mkono wa breki ukirudi kwa uzito, fundi azibadilishe kabla hujaipeleka tena kwenye lami ya Kitogani.