Ikama si makisio ya mahitaji ya watumishi

"Mahitaji yetu ya rasilimaliwatu tumeshayapanga, ikama imekwenda." Msimu wa bajeti ukikaribia, sentensi hii husikika sana maofisini, na juzi nimeisikia tena kwa kijana anayejiandaa na usaili wa uafisa utumishi. Husemwa kwa nia njema kabisa. Lakini inachanganya mambo mawili, yaani kupanga mahitaji ya watumishi na ikama, ambayo ni idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na wanaoumizwa na mchanganyiko huo ni mama aliye kwenye foleni ya kliniki na mtoto aliye kwenye darasa lisilo na mwalimu.

Upangaji wa rasilimaliwatu ni kukadiria kazi itakayokuwepo miaka ijayo, kujua itahitaji watu wangapi, wa ujuzi gani na wa kukaa wapi, kulinganisha na watumishi watakaokuwepo wakati huo, kisha kuamua mapema pengo litazibwaje: kwa kuajiri, kusomesha, kuhamisha au kubadili namna kazi inavyofanyika. Maana yake ni hiyo.

Ikama ni kitu kingine. Ni idadi ya nafasi zilizoidhinishwa kwa ofisi au kituo fulani, kila kada na idadi yake. Inasaidia kupanga mishahara, kupandisha madaraja na kudhibiti watumishi hewa, na hakuna ofisi ya umma inayoweza kwenda bila ikama. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua ikama, akatoa watumishi waliopo, na tofauti inayobaki akaiita "mahitaji". Hizo ni nafasi wazi. Mahitaji hayajulikani kwa kutoa, kwa sababu ikama haijui kazi kiasi gani inafanyika.

Chukua zahanati. Ikama ya Wizara ya Afya ya Tanzania ya 2014 hadi 2019 iliipa zahanati watumishi 15 kwa uchache na 20 kwa wingi. Sasa weka zahanati mbili: moja iko kando ya barabara kuu, mahali panapojengwa nyumba kila mwezi, nyingine iko kijijini ambako vijana wengi wamehamia mjini. Kila moja ina watumishi sita. Kwenye jedwali la ikama zote mbili zina upungufu wa watu tisa, na kikija kibali cha kuajiri wachache, zitagawana sawasawa. Anayegawa ataona ametenda haki. Muuguzi wa ile ya barabarani ataendelea kuhudumia wajawazito huku amesimama mpaka jioni.

Kinachokosekana hapo ni kuupima mzigo wa kazi, na njia ya kuupima ipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake mwaka 1998 na kuuboresha mwaka 2010. Unajulikana kwa kifupi cha Kiingereza cha WISN, yaani viashiria vya mzigo wa kazi vya kupimia mahitaji ya watumishi, na umetumika Tanzania, Kenya na Uganda. Hesabu yake haihitaji zaidi ya kalamu. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo siku za kazi ni 260. Likizo ya siku 28 mfululizo, kama sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inavyotaka, hula siku 20 za kazi. Tuseme sikukuu zinachukua 15, na kuugua, misiba na mafunzo 15 nyingine. Zinabaki siku 210, yaani saa 1,680 kwa mtumishi mmoja. Kama hudhurio moja la kliniki linataka dakika 20 ili lifanyike ipasavyo, muuguzi huyo anaweza kubeba mahudhurio 5,040 kwa mwaka. Kituo chenye mahudhurio 12,000 kinahitaji wauguzi 2.4, na ukikumbuka kwamba takriban moja ya tano ya muda wao huishia kwenye taarifa, vikao na usafi, wanakuwa watatu kwa kazi hiyo pekee. Kituo chenye mahudhurio 3,000 hakifikishi hata mtu mmoja. Idadi ya mahudhurio tayari imeandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vilivyo mezani kwa mganga mfawidhi.

Ikama inabaki na kazi yake hata hapo, maana zamu ya usiku haiwezi kushikwa na robo tatu ya mtu. Kiwango cha chini lazima kiwepo. Kosa ni kukifanya hicho kiwango kuwa ndiyo hesabu nzima.

Kingine ambacho ikama haina ni wakati. Inasema ya leo, na makisio ni ya kesho. Mwaka 2016 WHO ilipendekeza mjamzito aonane na mtoa huduma mara nane badala ya mahudhurio manne ya awali. Nchi inayofuata pendekezo hilo inaongeza kazi ya wakunga pasipo kuongezeka mjamzito hata mmoja, na idadi ya nafasi kwenye ikama haigutuki. Au tazama shule: elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, watoto wengi waliingia darasa la kwanza kwa mkupuo. Watoto hao walimaliza darasa la saba mwaka 2022 na waliofaulu wakaanza kidato cha kwanza 2023. Wimbi hilo lilionekana miaka saba kabla halijafika sekondari, na shahada ya ualimu husomwa miaka mitatu. Daktari ndiye anayechukua muda zaidi: miaka mitano chuoni na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Anayesubiri nafasi iwe wazi ndipo amtafute, amechelewa miaka sita.

Hata kuondoka kwa watu kunakisika. Umri wa kustaafu kwa lazima, kwa watumishi wengi wa umma Tanzania, ni miaka 60, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja imo kwenye jalada lake. Ofisi inayoshtuka kwamba wahasibu wake watatu wanastaafu mwaka mmoja ilikuwa na taarifa hiyo tangu siku ilipowaajiri.

Kwa hiyo kijana wangu wa usaili, ukiulizwa mahitaji ya watumishi ya halmashauri fulani, usianze na nafasi zilizo wazi. Anza kwa kuuliza kazi iliyopo ni kiasi gani, inaongezeka wapi, na nani wataondoka kabla ya 2030. Ikama uifungue baada ya hapo, uone kama inaendana na majibu uliyoyapata. Isipoendana, hiyo ikama ndiyo ya kuombewa mabadiliko.